Uwanja Aliouchunga Baba

Wenzangu mliokulia kwenye milima ya Usambara miaka ile ya baada ya Uhuru, mtanisahihisha nikikosea, lakini nadhani kwa hili tutakubaliana: kitu kilichokuwa adimu kwetu kilikuwa mahali tambarare. Chakula kilikuwepo. Maji yalikuwepo, tena ya baridi ya kuuma meno. Ila ukitaka kusimama miguu yote miwili ikiwa sawa, ilibidi upatafute mahali hapo. Boga likikuponyoka mlangoni, liliokotwa na watu wa kijiji cha chini. Mpira wetu wa matambara ukitoka nje, mchezo ulisimama, mmoja wetu akateremka kuufuata bondeni, na sisi wengine tukakaa tukitafuna miwa mpaka arudi akihema. Wajukuu zangu leo mpira ukivuka geti wanataka wanunuliwe mwingine.

Ndiyo maana nikisema kijiji chetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Bumbuli, kilikuwa na uwanja wa ndege, vijana hunitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Uwanja wa ndege, bibi? Kule? Naam, kulekule. Na aliyeuchunga alikuwa baba yangu, Mzee Zakaria.

Uwanja wenyewe ulikuwa ulimi mmoja wa ardhi tambarare kati ya migongo miwili ya milima, sehemu pekee ya namna hiyo kwa mbali sana. Ulitengenezwa kabla sijazaliwa na Bwana Yani, Mgiriki mwenye shamba la chai la jirani. Nikisema ulitengenezwa na Bwana Yani maana yake ni kwamba yeye alionyesha kwa fimbo, na baba zetu wakachimba kwa majembe, wakabeba udongo kwa vikapu, wakausawazisha kwa gogo lililokokotwa na ng'ombe. Bwana Yani alikuwa mfupi, mwenye masharubu makubwa, na alizaliwa hukuhuku milimani. Kishambaa chake kilikuwa kizuri kuliko cha walimu wetu waliotoka Tanga. Alikuwa na ndege ndogo ya rangi ya manjano, yenye viti vinne. Sisi watoto tuliiita Panzi, kwa sababu ilipotua haikutua mara moja. Iligusa, ikaruka, ikagusa, ikaruka, kisha ndipo ikakubali.

Panzi hakuwa na ratiba. Tulimjua kwa mlio. Kwanza ulikuja mdogo kutoka upande wa Soni, kama cherehani inayoshona kitambaa kizito nyumba ya tatu, halafu ukakua. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mkali, lakini hata yeye alijua kwamba mlio huo ukisikika, darasa limekwisha. Tulitoka mbio, wengine kupitia dirishani, kwa sababu tulikuwa na kazi. Baba alikuwa ameshapuliza filimbi, na filimbi ile maana yake ilikuwa moja tu: mbuzi watoke uwanjani. Basi watoto sitini tulikuwa tukifukuza mbuzi, ng'ombe, kuku, na mara moja tulimfukuza mwinjilisti aliyekuwa akikatiza na baiskeli yake akidhani tunamshangilia.

Kazi ya baba ilikuwa ya kila siku, ndege ije au isije. Alikata majani kwa fyekeo. Alifukia mashimo ya fuko. Jumamosi alitupanga sisi na ndoo za chokaa, tukapaka mawe yaliyopangwa pembeni mwa uwanja mpaka yakang'aa. Kwenye mlingoti alitundika mfuko mrefu wa kitambaa chekundu, alioushona mama, ili rubani aone upepo unatoka wapi. Mfuko huo ukichakaa mama alikata magauni yetu yaliyotubana akaushona upya, na mimi nilikuwa nikijivuna shuleni kwamba gauni langu la zamani linasomwa na rubani. Panzi akikaribia, baba aliwasha moto wa majani mabichi ili moshi nao uonekane. Kisha alivua kofia na kusimama wima kama askari. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Ndege haisamehi uzembe," alituambia, na hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yake yote.

Na Panzi alipofungua mlango! Kwanza ilitoka harufu, petroli na machungwa pamoja. Bwana Yani alikuwa akipitia Muheza, akipakia machungwa, mafenesi na mdalasini, na akirudi alichukua plamsi na mapeasi yetu. Mpaka leo nikimenya chungwa huwa nasubiri harufu ya petroli, isipokuja naona kama chungwa hilo lina upungufu.

Kisha likaja Azimio la Arusha, na miaka michache baadaye shamba la chai la Bwana Yani likawa mali ya umma. Wenzake wengi walifunga mizigo wakaondoka. Yeye alibaki na vitu viwili, nyumba ndogo Tanga na Panzi. Alipoulizwa kwa nini haendi kwao, alijibu kwamba baba yake na mama yake wamezikwa juu ya shamba lile la chai, sasa aende kwao wapi? Akaanza kurusha ndege kwa kazi za watu. Alileta masanduku ya dawa, chaki, barua, na muuguzi wa chanjo aliyetuchoma mikono tukamchukia kwa siku moja na kumsahau. Alikuja mara mbili kwa mwezi, mvua ikikatisha barabara alikuja hata mara nne.

Hapo ndipo anapoingia baba yangu mdogo, Eliezeri.

Baba mdogo alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Ujamaa. Alimfuata baba kwa kuzaliwa na hawakufanana hata kidogo. Baba alikuwa mrefu na mkimya. Baba mdogo alikuwa mnene, mcheshi, mwenye suti ya Kaunda aliyoipiga pasi mpaka ikawa na makali ya kukata mkate. Nilimpenda sana. Alikuwa akinibeba mabegani hadi nilipokuwa mkubwa wa kuona aibu. Kijiji kilitakiwa kiwe na shamba la pamoja, na bwana shamba alipokuja kutembelea, alisimama katikati ya uwanja, akageuka pande zote, akauliza kwa nini ardhi bora ya kijiji kizima imelala bure.

Swali hilo lilimkaa baba mdogo kichwani. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikula pamoja kwa bibi yangu Naomi, mama yao, kama desturi yetu. Baba mdogo akasema uwanja ulimwe mahindi. Alisema watu wanalima miteremko ambayo ukipanda viazi juu unavivuna kwa jirani chini, huku eka zote zile zinasubiri mashine moja inayokuja mara mbili kwa mwezi, tena ya mtu mmoja. Baba alitafuna gimbi lake mpaka likaisha. Kisha akauliza, barabara ikikatika masika, sanduku la dawa litashuka kwa kamba?

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Bibi aliwaambia kwamba uwanja huo wauache nje pamoja na viatu vyao. Wakanyamaza, lakini kuanzia siku ile hawakusemezana. Ndugu wawili, nyumba zao zinatazamana! Jumapili walikuja kwa bibi kama kawaida, wakakaa meza moja, na mimi nikawa simu yao. "Damari, mwambie mwenyekiti asogeze chumvi." "Damari, mwambie mchunga ndege chumvi iko mbele yake." Sisi watoto tulicheka kimoyomoyo, ila mama alikuwa akiosha vyombo kwa kelele kuliko ilivyohitajika, na bibi alianza kula kidogo.

Baba alizidi tu kukata majani. Aliyakata hata yaliyokwisha kukatwa. Siku moja nilimpelekea chai nikamkuta amekaa juu ya jiwe la chokaa, fyekeo mapajani, anatazama urefu wa uwanja. Nikamuuliza kama kweli watalima. Akasema kijiji kikiamua kitalima, na yeye atashika jembe kama wengine. Halafu akaniambia nirudi shule, na sauti yake haikuwa ya kunifukuza.

Mkutano wa kijiji uliitishwa kabla ya Saba Saba. Bwana Yani alikuja kwa sababu alikuwa amepelekewa habari. Alifika akiwa ameshika kofia, akamsalimia bibi kwanza kwa Kishambaa, "Onga mshi," kisha akainama akampa shikamoo yake, ndipo akawageukia wanaume. Baba mdogo alieleza hoja zake vizuri, bila kumdharau mtu. Watu wengi walitikisa vichwa kukubali, maana kila mmoja alikuwa na shamba lililosimama kama ukuta.

Bwana Yani alipopewa nafasi hakubishana. Alisema ardhi ni ya kijiji na yeye ni mgeni aliyezaliwa ndani. "Mkitaka kulima, limeni," akasema. "Ninaomba kitu kimoja. Kabla hamjaamua, halmashauri yote ipande, muione ardhi yenu kutoka juu. Saba Saba nitakuja, sitamtoza mtu. Mkishuka, mtakaloamua ni hilohilo."

Wajumbe wa halmashauri walitazama viatu vyao. Kukataa ilikuwa kama kusema wanaogopa, na kukubali ilikuwa ni kupanda kweli. Baba mdogo akakohoa, akasema hakuna ubaya.

Sikukuu ya Saba Saba ile ninaikumbuka kuliko Krismasi zote za utoto wangu. Mnajua Julai ya kwetu. Ukungu ulikaa uwanjani kama maziwa kwenye bakuli, tukasubiri tangu asubuhi tukiwa na masweta, miguu pekupeku kwenye umande. Akina mama walichemsha magimbi na maharage kwenye masufuria ya shule. Kwaya iliimba nyimbo zake zote ikarudia. Baba alikuwa amepaka mawe chokaa siku mbili mfululizo. Karibu na saa tano ukungu ukapasuka, jua likaingia, na mara tukasikia ile cherehani kutoka upande wa Soni. Sijui kama nimewahi kukimbia vile tena.

Panzi akatua, akaruka, akatua. Bwana Yani akafungua mlango, akauliza wa kwanza ni nani. Mjumbe mmoja alikumbuka kwamba hajanywa chai. Mwingine alisema wakubwa watangulie. Katibu alisema yeye anaandika majina. Hapo bibi yangu akainuka kutoka kwenye kigoda chake, akajitengeneza kitambaa kichwani, kile cheupe ambacho mama alimdarizia jina lake pembeni, Naomi, pamoja na jina la kijiji chetu, ili kisipotee kwenye nguo za umoja wa wanawake wa kanisa.

"Mimi ndiye niliyewazaa hawa wanaogombana," akasema. "Nitatangulia mimi. Damari, njoo unishike mkono."

Namna hiyo nikapanda ndege nikiwa na miaka kumi, gauni langu likiwa na tope. Bibi alikaa mbele kando ya Bwana Yani. Mimi nilikaa nyuma yake, nimeshika kiti chake kwa mikono yote miwili. Panzi alinguruma, mawe meupe yakaanza kukimbia kurudi nyuma, tumbo langu likabaki chini, na ghafla hakukuwa na mitetemo. Niliangalia chini nikaona filimbi ya baba inang'aa shingoni mwake, na uso wake umeinuka, mdogo kama punje ya harage.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Mashamba ya chai yalikuwa kama nywele zilizochanwa. Bati la kanisa lilinipiga machoni. Migomba yetu, ambayo nilidhani ni msitu, ilikuwa kishungi kidogo tu. Bibi hakusema neno. Nilidhani amezimia. Kisha nikamsikia akimuuliza Bwana Yani, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anauliza bei ya chumvi, Mtae iko wapi.

Lazima niwaambie kwamba bibi alizaliwa Mtae, kule juu kwenye ncha ya milima kaskazini magharibi. Aliletwa kwetu kuolewa akiwa binti, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Alirudi mara moja tu, kumzika mama yake. Baadaye mguu wake ukawa mbaya, na tangu hapo Mtae ilikuwa mahali alipopataja anapopika, kama watu wanavyotaja peponi. Huko aliacha mdogo wake, Rebeka. Hakuna kati yao aliyejua kuandika, na salamu zilizotumwa kwa wachuuzi zilipotea njiani.

Bwana Yani alitazama mshale wa mafuta, akamtazama bibi, akageuza Panzi. Hatukukaa angani hata muda wa kuivisha sufuria ya magimbi. Mgongo mmoja wa mlima ukapita, mwingine ukapita, kisha dunia ikakatika. Upande mmoja kulikuwa na nyumba zimepangana juu ya ukingo, na upande wa pili hapakuwa na kitu, bonde tu, kina cha kutisha, na nyika ya rangi ya simba inayokwenda mpaka macho yanachoka. Bibi akaweka kiganja kwenye kioo. Watu walikuwa wakitoka nje ya nyumba, wakitazama juu. Bwana Yani akazunguka mara mbili, chini chini. Bibi akafungua kidirisha, akavua kitambaa chake, akakipunga nje kwa nguvu zote. Kikaondoka. Baadaye alisema upepo ulimnyang'anya. Mimi niliyekuwa nyuma ya bega lake nilimwona alivyofungua vidole.

Tuliposhuka, umati ulitukimbilia ukitaka kujua kukoje huko. Bibi alisimama kichwa wazi, mvi zake zikipeperuka mbele ya mchungaji na kijiji kizima, na hakujali. Machozi yalimtoka huku akicheka. Alisema maneno mawili tu. "Kumbe karibu."

Baada ya hapo hakuna mjumbe aliyeweza kukataa. Walipanda watatu watatu. Katibu alitapika ndani ya kofia yake mpya, na mpaka alipostaafu watu walimwita Kofia. Mjumbe mmoja alishuka akasema ameona nyumba ya shemeji yake na sasa anajua kwamba anaficha ng'ombe wawili. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba mdogo alipanda katika kundi la mwisho, mikunjo ya suti yake imenyooka, na aliposhuka alikuwa mtu mwingine. Alikaa kwenye jiwe, akaomba maji.

Ndipo Bwana Yani akamwita baba. Akasema amebakiwa na mafuta ya mzunguko mmoja, na huo ni wa Zakaria. Hapo ndipo sote tuligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria. Baba, miaka yote hiyo, hakuwa amepanda Panzi hata mara moja. Mtu wa chini alihitajika daima, na mtu wa chini alikuwa yeye. Baba akatikisa kichwa. Akasema haiwezekani, nani atachunga uwanja?

Baba mdogo akainuka kutoka kwenye lile jiwe. Akaja mpaka mbele ya kaka yake, akanyoosha mkono, akamvua filimbi shingoni polepole, akajivisha yeye.

"Panda, kaka," akasema. "Mbuzi nitawazuia mimi."

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia kaka yake moja kwa moja kwa zaidi ya miezi miwili. Baba akavua kofia yake, akampa nayo. Akapanda.

Panzi alizunguka juu yetu mara tatu. Chini, mwenyekiti wa kijiji alichukua kazi yake kwa uzito wote. Aliongezea moto majani, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba. Na kwa bahati, Panzi alipokuwa anashuka, beberu mmoja wa mchungaji akaamua kuvuka. Baba mdogo akamkimbilia. Tulimwona suti ya Kaunda ikipepea, kofia ya baba imemshuka machoni, anateleza kwenye majani, anaanguka, anaamka, anamshika beberu pembe na kumburuta nje huku amelowa tope hadi kifuani, na Panzi akapita hatua chache tu kutoka kwake, akagusa, akaruka, akagusa. Kijiji kizima kililala chini kwa kicheko. Hata mchungaji alijifuta machozi.

Baba alishuka. Tulimzunguka tukisubiri maneno. Akatazama nyuma, uwanja wote, akasema, "Majani ya upande wa magharibi hayakukatwa vizuri." Halafu midomo ikaanza kumtetemeka, akaanza kucheka, baba yangu yule, akamshika ndugu yake na tope lake lote, na wakacheka wakiwa wameshikana mpaka bibi akawaambia inatosha, chakula kinapoa.

Mkutano ulipokutana tena baba mdogo alieleza alichokiona. Alisema huko juu aliutafuta uwanja na karibu aukose, mdogo kama kijiti cha kiberiti. Alichokiona bila kukitafuta ni makovu mekundu kwenye miteremko yote, kila mahali ambapo mvua ilikuwa ikiondoka na udongo wetu kuupeleka mtoni. Alisema ardhi haijatupungukia, inatukimbia. Wakaamua tuchimbe matuta ya kuzuia maji, kijiji kizima, siku tatu kwa wiki. Pembeni mwa uwanja, nje ya mawe meupe, tulime kabichi na maharage, mimea isiyorefuka. Katikati paachiwe Panzi. Baba alikubali kwa sharti moja, kwamba mistari ya kabichi inyooke. Ilinyooka kweli. Mikono yangu ilijaa malengelenge ya matuta yale, na msimu wa pili tulivuna kabichi kubwa kuliko vichwa vyetu, na Bwana Yani akaondoka na vikapu vimejaa mpaka kiti chake mwenyewe.

Wiki tatu baada ya Saba Saba, mama mmoja mzee, mwembamba, aliingia uani kwa bibi akiwa na binti yake, miguu yao imejaa vumbi. Mkononi alishika kitambaa cheupe kilichofuliwa na kukunjwa. Bibi alikuwa akichambua maharage. Mgeni hakusalimu. Alisema, "Kitambaa hiki kilinishukia kutoka juu. Nimekuja kumtafuta mwenyewe."

Mchuuzi mmoja alikuwa amemwambia Rebeka miaka mingi nyuma kwamba Naomi wa huku amefariki. Aliyefariki alikuwa Naomi mwingine. Rebeka alikuwa amemlilia dada yake, akamaliza. Kitambaa kiliangukia kwenye shamba la jirani, kikapita mikono mingi zaidi ya wiki mbili kabla ya kumfikia, mwalimu wa shule akamsomea jina na kijiji, na kesho yake akaanza kutembea. Bibi aliinuka, maharage yakamwagika yote. Alimtazama mdogo wake, akasema, "Umechelewa. Wiki tatu nimekaa kichwa wazi." Kisha hakuna aliyesema tena kitu cha kueleweka. Rebeka alikaa kwetu mwezi mzima, na aliporudi Mtae hakutembea sana, kwa sababu Panzi alimfikisha hadi uwanja mwingine wa ndege kule chini nyikani na lori likampandisha sehemu iliyobaki. "Hongea," yaani asante kwa Kishambaa, alikuwa akimwambia Bwana Yani kila alipomwona, "hongea sana," mpaka Bwana Yani akawa anajificha.

Mambo yale hayakudumu milele. Mafuta yalianza kuwa ya shida, vipuri vikakosekana, Bwana Yani mwenyewe akazeeka macho. Panzi alikuja mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa msimu. Siku ya mwisho hatukujua kwamba ni ya mwisho. Alileta machungwa kama kawaida. Baba aliendelea kukata majani ya uwanja miaka mingi baadaye, na hakuna aliyemwambia aache. Alipofariki, baba mdogo alichukua fyekeo, na yeye akakata mpaka uzee ulipomkalisha.

Mimi nilisomea uuguzi nikafanya kazi Tanga hadi nikastaafu. Sasa nimerudi kijijini. Uwanja bado upo, ingawa mawe mengi yamejengewa misingi ya nyumba. Mwezi uliopita uliitishwa mkutano kuamua hatima yake. Vijana wanataka mnara wa simu na ukumbi wa harusi. Mmoja, akiniita bibi kwa heshima zote, alisema ndege ndogo zimepitwa na wakati, mtu akitaka kuona kijiji kutoka juu anafungua simu. Mwingine anasema watalii watakuja na ndege zao. Afisa aliyetoka wilayani alikuwa na ramani ambayo uwanja haukuonekana kabisa. Tuliachana bila kuamua. Safari hii hapakuwa na mtu wa kutuambia kwanza tupande tukaone.

Sikatai mambo ya sasa. Barabara ni nzuri, dawa zinafika kwa pikipiki, na mimi mwenyewe ninaongea na binti yangu wa Dodoma kwa picha. Lakini juzi nilikuwa uwanjani na wajukuu zangu wanne, wameinamisha vichwa juu ya simu moja, na ndege kubwa ikapita juu sana, mlio wake umechelewa nyuma yake. Hakuna mtoto aliyeinua shingo. Mimi nilijikuta nimesimama. Upande wa pili wa uwanja, kwenye maharage, mwanamke mzee mwenzangu naye alikuwa ameacha jembe, amenyoosha mgongo, kiganja juu ya macho. Tuliifuata ile ndege kwa macho sote wawili mpaka ikapotea. Kisha tukatazamana kutoka mbali, bila kuitana, na kwa wakati mmoja, kama tumeambizana, tukageuka kuangalia kama kuna mbuzi uwanjani.